Vidole na Mizani

Waswahili wana msemo wa vidole: vitano katika kiganja kimoja, wala havilingani. Husemwa pale maskini anapouliza kulikoni, na aghalabu husemwa na aliyeshiba. Muradi wake ni kwamba tofauti za waja zimeumbwa, na mwenye kutaka kuzisawazisha anagombana na maumbile. Msemo huo una ukweli wake. Watu hawalingani kwa nguvu, kwa akili, kwa subira wala kwa umri. Lakini msemo ukishazoeleka hubebeshwa mzigo usio wake. Kidole cha kati hukizidi kidole cha mwisho kwa kiasi. Haujaonekana mkono ambao kidole kimoja kimekizidi kingine mara elfu kumi, kikaishi chenyewe kwa damu yote ya mwili, na vinne vilivyobaki vikanyauka. Mkono wa namna hiyo ukionekana, hapana atakayesema ndivyo ulivyoumbwa. Watu watauliza ni maradhi gani yaliyoushika.

Basi yapo maswali mawili, na msemo wa vidole huyachanganya. La kwanza, je, watu watatofautiana kwa mali? Jibu lake ni jepesi: watatofautiana. La pili, je, pengo lile kubwa, linalomfanya mmoja akose panadoli ilhali mwenziwe amesahau idadi ya nyumba zake, ni kudura isiyotanguka, au ni kazi ya mikono ya watu iwezayo kutenguliwa na mikono ya watu? Hili la pili ndilo zito, na pana nchi ndani ya Tanzania ambamo laweza kutazamwa kwa macho: kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Shinyanga kupita Kahama hadi Geita, nchi ya majabali, pamba, mpunga na ng'ombe wa Wasukuma, ambayo chini yake mna almasi na dhahabu.

Miamba ya huko ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Dhahabu ilikaa ndani yake kabla hajazaliwa mfalme wala mtwana, na haikuandikwa jina la mtu. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliipata almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, baada ya miaka ya kuhangaika. Mwaka 1947 likatoka pale jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Alilitoa tunu ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, na lilipochongwa likabaki karati 23.6. Mwadui ikawa mji ndani ya uzio, wenye hospitali yake, shule zake na kiwanja chake cha ndege. Nje ya uzio mkulima aliendelea kulisubiri wingu.

Mtetezi wa kudura atasema: huyo alibahatika, na bahati haina mahakama. Kauli hiyo ipimwe kwa uadilifu, maana juhudi za Williamson hazikanushiki. Alitafuta wakati wengine walikata tamaa. Lakini bahati na juhudi hueleza ni nani aliyeliona jiwe. Hazielezi ni kwa nini aliyeliona awe ndiye mwenye jiwe. Kati ya kuliona na kulimiliki pana karatasi, na karatasi ile iliandikwa na dola ya kikoloni kwa sheria ambayo Msukuma hakushauriwa. Williamson alifariki 1958, na mgodi ukagawanywa nusu kwa nusu baina ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Almasi zilikuwa zile zile na shimo lile lile, ila kilichobadilika ni waraka, na mali ikabadili njia. Kudura haigeuki kwa saini ya mwanasheria, na linalogeuka kwa saini itabidi liitwe jina jingine.

Ipo methali ya pwani iliyo na makali pande mbili: kupata si kwa werevu, kukosa si kwa ujinga. Wengi huitumia kumliwaza aliyekosa. Lakini isomwe tena upande wa pili. Ikiwa kupata si kwa werevu, tajiri hana hoja ya kusema kwamba amestahiki kila senti aliyonayo. Methali inayomfariji maskini ndiyo inayomvua tajiri joho la ustahiki. Anayekiri kwamba mali yake ni bahati, amekiri pia kwamba lau mambo yangepinda kidogo angekuwa yeye mwenye kuomba. Na mwenye kukiri hivyo hawezi tena kumtazama aliyekosa kama mtu wa jinsi nyingine.

Huko Geita lugha ya bahati ndiyo lugha ya kila siku. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa na kwengineko, mtu huingia duarani kwa kamba alfajiri na kutoka na viroba vya mawe ambavyo huenda vimebeba utajiri au vumbi tupu. Rashi ikitokea, watu humiminika kwa maelfu, mabanda yakaota kama uyoga, na habari za aliyetajirika kwa usiku mmoja zikaenea kuliko za mia waliorudi kwao na deni. Aliye nje hudhani pale hapana utaratibu, kila mtu na nasibu yake. Si kweli. Mawe yakitoka hugawanywa: fungu la mwenye leseni, aghalabu karibu theluthi, fungu la mwenye duara aliyegharimia chakula, magogo na pampu, na fungu la wale walioshuka, wakagawana wenyewe kwa wenyewe. Kisha yupo mwenye karasha, yupo mnunuzi, na kando kabisa wapo wanawake wanaoponda na kupeta mawe, ambao malipo yao aghalabu huhesabiwa kwa ndoo. Bahati huamua kama jiwe lina dhahabu. Mapatano huamua dhahabu ikishapatikana inakwenda wapi. Mwenye leseni huenda hajashika sururu mwaka mzima, na fungu lake halitegemei nasibu ya duara moja, kwani analo fungu katika maduara yote. Kwa hiyo hata pale ambapo bahati inaonekana kuwa sultani, anayetawala hasa ni mgawo.

Imani kwamba mali ni bahati tupu si kosa la fikra peke yake. Imeua watu. Tangu mwaka 2007 zilizagaa nchini na duniani habari za watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga ikiwemo, kwa sababu waganga waliwaaminisha wateja kwamba viungo hivyo huleta dhahabu na samaki. Watu wengi waliona ni ushenzi wa kale uliofufuka. Yamkini ni jambo jipya zaidi kuliko hivyo. Mtu anayeona jirani yake akitajirika ghafla, asijue ni kwa sheria gani, kwa bei gani, kwa mkataba gani, ataamini kwamba utajiri una mlango wa siri, na penye mlango wa siri hatakosekana wa kuuza ufunguo. Hapa hazitolewi udhuru kwa wauaji. Mwenye kuua ameua. Lakini jamii inayowafundisha watu wake kwamba pengo la mali ni fumbo lisilochunguzika imewaandaa kwa kila anayedai kulijua fumbo. Kuieleza mali inatoka wapi na inakwenda wapi ni sehemu ya kuyalinda maisha ya wanyonge.

Na inaweza kuelezwa. Kanda hiyo hiyo inao ushahidi wa zamani kuliko migodi ya leo. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba. Kisha jasho la mwaka mzima likawekwa kwenye chombo ambacho mwingine alikisoma. Hawakuanzisha vita. Walidai kuwa na wapimaji wao wenyewe, wakajiunga, wakakusanya fedha, wakaunda vyama. Paul Bomani akawa kiongozi wao, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Kufikia uhuru pamba ya kanda hiyo ilikuwa ikipita mikononi mwa vyama vya wakulima. Mvua haikuongezeka wala udongo haukubadilika. Kilichohama ni mkono wa mwenye kusoma mizani.

Neno mizani halihitaji kufafanuliwa kwa wapenzi wa ushairi. Shairi lisilo na mizani huitwa guni, hata kama maneno yake ni matamu. Na katika Kurani sura ya 83 imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo, ishara kwamba kosa la mizani si dogo kama linavyoonekana dukani. Mwenye kupunja hamnyang'anyi mtu kwa nguvu. Humfanya aamini kwamba alichopata ndicho alichostahili. Hilo ndilo linalofanya pengo kubwa lifanane na kudura: aliyepunjwa hajui kwamba amepunjwa, hudhani kwamba amevuna kidogo.

Hadithi ya ushirika haikuishia vizuri, na uadilifu wautaka upande huo nao usemwe. Vyama vilipokua, waliokabidhiwa mizani wakaanza kuifahamu kuliko waliowakabidhi; malalamiko yakazidi hata serikali ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1966, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa vyote, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Somo la hapo ni kwamba mabadiliko yanawezekana, na kuharibika kwake kunawezekana vile vile. Mizani iliyohamishwa mara moja hairudi yenyewe kuwa sawa. Yataka jicho kila msimu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa taifa zima. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipiga marufuku kiongozi kumiliki hisa, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Katika tathmini yake ya miaka kumi, 1977, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ilikuwa imeshuka kutoka kama mara 50 wakati wa uhuru hadi kama mara 9. Msomaji aisome tena hesabu hiyo. Ndani ya miaka kumi na mitano, pengo ambalo lingeitwa la milele lilipunguzwa kwa zaidi ya mara tano, bila kufungua jela wala kuchoma mtaa. Kisha ikaja miaka ya foleni za unga na sabuni, viwanda vikasimama, na watu wakasema kwamba kilichogawanywa sawa kilikuwa umaskini. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, yale masharti ya uongozi yakalegezwa. Likaandikwa na watu, likafutwa na watu.

Hapa ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko zote linapoingia. Mwanahistoria Walter Scheidel, mzaliwa wa Austria, katika kitabu chake cha mwaka 2017, alipitia maelfu ya miaka na kuhitimisha kwamba pengo kubwa la mali limepungua sana kwa njia nne tu: vita vikuu, mapinduzi, kuanguka kwa dola, na tauni. Watu wa visiwani hawawezi kumpuuza. Mwaka 1964 umiliki wa ardhi Unguja na Pemba ulipinduka kwa muda mfupi. Mashamba yakataifishwa na maelfu ya familia zikapewa ekari tatu tatu. Lakini damu ilimwagika, watu wakakimbia makwao, na si majeraha yote yaliyofunga. Ikiwa bei ya usawa ni hiyo, atasema mwenye hekima, afadhali tukae na vidole visivyolingana.

Jibu la pingamizi hilo halipatikani kwa kuikana historia, bali kwa kuisoma mpaka mwisho. Visiwa hivi hivi vilikuwa na pengo kubwa kuliko lile la tajiri na maskini: pengo la bwana na mtumwa. Waliokuwapo waliliona la tangu na tangu, na walikuwapo wenye elimu waliolitetea. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1897, enzi ya Seyyid Hamoud, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria. Fidia walipewa mabwana, si watumwa, na hilo lionyeshe jinsi mwenye nguvu anavyojipimia hata anaposhindwa. Hata hivyo leo hapana mzazi anayemwambia mwanawe kwamba utumwa ni maumbile. Lililoitwa haliondoki limeondoka, na aliyesema haliondoki hakuwa akieleza dunia. Alikuwa akiilinda nafasi yake ndani yake. Na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hawakupigana vita, hawakupindua dola, wala hawakungojea tauni. Scheidel ameonyesha kwamba jambo ni gumu. Ugumu si muhali.

Dhahabu yenyewe imetoa ushahidi kwa miaka ya karibuni. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, ili kuipisha kampuni. Palizuka madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Kampuni na serikali waliyakanusha, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Lisilobishaniwa ni kwamba waliokuwa wakichimba asubuhi hawakuwa na haki ya kuchimba jioni. Sheria ya madini ya 1998 ikaweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, tena baada ya kutoa baadhi ya gharama. Mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu 2001. Mwaka 2007 mkataba wa Buzwagi, uliotiwa saini London, ulizusha tafrani Bungeni; mbunge Zitto Kabwe akasimamishwa kwa kuhoji. Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, ndugu yake yule Paul wa pamba, na sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4 ya thamani ghafi. Mwaka 2017, baada ya serikali ya Rais Magufuli kuzuia makontena ya makinikia, ukafika asilimia 6, pamoja na asilimia 1 ya ukaguzi, na serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16 bila ya kulipia. Katika kila shilingi mia ya dhahabu, kile ambacho 1998 kilikuwa pungufu ya shilingi tatu kikawa saba, kabla ya kuhesabu kodi na hisa. Jiwe halikujua kwamba sheria imebadilika.

Na gharama zilikuwapo. Baada ya mgogoro wa 2017 mgodi wa Bulyanhulu ulisimamisha uchimbaji na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Dai la dola bilioni 190 dhidi ya kampuni ya Acacia likaishia, kwa mapatano na Barrick, kwenye malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya ubia ya Twiga. Wapo wanaosema kilichopatikana ni kikubwa, wapo wanaosema ni kidogo. Wote wawili, kwa kubishana hivyo, wamekubali kwamba kiasi chaweza kubishaniwa. Hakuna anayebishana na mawio ya jua.

Linabaki swali la nani anapokea. Shilingi saba zikiingia hazina hazijafika bado kwa mpondaji wa mawe wa Rwamgasa. Taifa laweza kumpunja raia kama kampuni ilivyolipunja taifa, na mwenye kusherehekea la kwanza bila kulitazama la pili amebadilisha bwana tu. Mwaka 2019 kodi mbili zilizowaelemea wachimbaji wadogo, VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ziliondolewa, na yakafunguliwa masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa ya awali. Mchimbaji aliyekuwa akimtegemea mnunuzi aliyekuja na mizani mfukoni sasa anapo mahali ambapo dhahabu hupimwa hadharani na bei hutangazwa. Ni jambo dogo kwa sura, lakini ni lile lile walilolidai babu zao kwa pamba.

Lakini soko hupima dhahabu iliyokwishafika sokoni. Halipimi ndoo za mwanamke aliyeiponda, ambaye hana leseni, hana duara, na jina lake halimo katika mgawo. Kwake msemo wa vidole ungali una nguvu, maana hajaonyeshwa mizani wala aliyeishika. Ikiwa pengo lake ni kudura, basi hapana wa kuulizwa. Ikiwa ni mgawo, wapo wa kuulizwa, kwa majina na vyeo: aliyeandika mkataba, aliyetoa leseni, aliyepanga mafungu, na aliyepita akaona akanyamaza. Hii ndiyo sababu jibu la kwanza hupendwa zaidi, kwani halimwamshi mtu usingizini.

Vidole havitalingana, na haja ya kuvilinganisha haipo. Haja iliyopo ni damu ifike katika kila kidole. Wakulima wa Usukuma waliijua haja hiyo zaidi ya miaka sabini iliyopita, pale walipoacha kuitazama pamba na kuutazama mkono uliokuwa juu ya mizani.